Masikio Yaliyotunzwa

Kama kuna mtu aliyewahi kumficha mama yake mzazi habari za Yesu kwa sababu ya kumpenda Yesu, basi ni yule mfasiri. Usicheke. Ukisikia mambo yalivyokwenda utaona kwamba hata wewe ungeingia mkenge uleule, tena kwa nia njema kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi yao, vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa inatafsiri Habari Njema katika lugha ya kina mama yake, watu wachache waliotawanyika huku na huko baada ya bonde lao kufunikwa na maji ya bwawa. Mfasiri akimaliza sura, haipeleki kwa mchungaji wala profesa. Anatafutwa mtu wa lugha hiyo ambaye hajawahi kusikia kisa hicho hata kwa mbali, anasomewa, kisha anaambiwa: haya, nisimulie ulichosikia. Akisimulia vizuri, tafsiri imesimama. Akibabaika, watu wanarudi mezani. Lakini mtu huyo akishasikia mara moja hafai tena, maana mara ya pili anasimulia anachokumbuka. Ofisini walimwita mtu wa namna hiyo "sikio safi", na masikio safi yalikuwa yamekwisha. Wajomba walishatumika, mashangazi walishatumika, binamu aliyekuwa mlinzi wa ghala alishatumika akaokoka, na sasa alikuwa anahubiri sokoni kwa kipaza sauti, huwezi kumnyamazisha hata kwa dawa.

Alibaki mtu mmoja tu, mama wa mfasiri mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa hataki kuona mtu wa kanisa akikanyaga kwake, na mama hakujua lugha nyingine zaidi ya ile ya bondeni. Baba alipofariki, mfasiri alimchukua mama yake akaishi naye kwenye vyumba vyake viwili, ghorofani, juu ya chumba cha fundi cherehani. Wiki ileile ya kwanza alitaka amketishe amweleze kila kitu. Alikuwa amelisubiri jambo hilo miaka mingi, amelilia usiku na mchana. Kabla hajafungua mdomo, mkurugenzi alimwita ofisini.

Mkurugenzi huyo, nyuma ya mgongo wake, walimwita Mzee Saa, kwa sababu hakuweza kumaliza mazungumzo bila kusema saa imefika jamani, saa imefika. Ukutani kwake kulikuwa na ramani, na kila lugha iliyokwisha kusikia Neno aliipaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Palikuwa pamebaki kidoa kimoja cheupe, cha lugha ya bondeni, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Kwa Mzee Saa hilo halikuwa pambo. Aliamini kwamba lugha ya mwisho ikishasikia, Bwana atarudi, na alitaka arudi upesi. Mke wake alikuwa kaburini, naye alishachoka kukaa upande huu peke yake.

"Binti yangu," alimwambia mfasiri, "mama yako ni zawadi. Sura za kurudi kwake Bwana ndizo ngumu kuliko zote, na tukizikosea hizo tumekosea kila kitu. Mtunze. Usimwambie neno hata moja mpaka mkaguzi wa tafsiri aje amsomee."

"Na akifa kabla?"

"Hafi. Mungu hawezi kutuangusha wakati saa imefika hivi."

Mfasiri akakubali. Ndiyo, alikubali, na mimi nikikumbuka hapo huwa natamani kumtia kofi. Mtu mzima, ana akili zake, ana mama mmoja tu duniani.

Basi nyumba ikawa kama nyumba ya wezi. Nyimbo zikakoma. Mfasiri alikuwa anasali chooni, bomba likiwa wazi ili sauti isitoke, na chakula akikibariki moyoni huku anajifanya anapuliza uji. Watu wa kanisani walipokuja kumsalimia mama, aliwapokea ngazini na kuwarudisha kutoka hapohapo. Makaratasi ya kazi hayakuletwa nyumbani kabisa, yalilala kwenye kabati la chuma ofisini. Mama aliyaona yote hayo. Mtu mzima haonyeshwi mlango wa nyumba anayoishi.

"Mwanangu, huko kazini mnafanya nini?"

"Tunaandika, mama."

"Mnaandika nini?"

"Utakuja kusikia. Subiri kidogo."

"Mimi nasubiri," mama alisema, "lakini moyo huu si wangu tena, ni wa kuazima." Alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, na ngazi zilishamshinda. Kutwa nzima alikaa chumba cha mbele, kwenye kiti cha mto wa kijani, akiutazama mlango.

Siku ya kwanza mama alipomtaja mgeni, mfasiri hakushtuka. Alikuwa anavua viatu.

"Leo nilikuwa na mgeni."

"Nani huyo?"

"Hakutaja jina, na mimi nikaona aibu kumuuliza. Ni wa kwetu. Anaongea kama walivyoongea babu zangu, yale maneno ya zamani ambayo ninyi mmeyatupa."

Mfasiri alidhani ni binamu wa kipaza sauti, roho ikamruka. Alishuka mbiombio kumuuliza fundi cherehani, maana ngazi ilikuwa moja tu na ilipita mlangoni kwa fundi, ambaye tangu asubuhi hanyanyuki kwenye mashine yake.

"Fundi, leo nani amepanda kwangu?"

"Dada, hajapanda mtu. Labda paka." Fundi akauma uzi. "Ila mama leo amechangamka, nimemsikia akicheka. Nikasema aa, afadhali, maana huwa anakaa kimya kama mgeni wa msibani."

Ikapita wiki. Mgeni akatajwa tena, na tena. Mfasiri akaanza kuzoea, akajisemea ni uzee, damu haifiki vizuri kichwani, daktari alishamwonya kwamba wagonjwa wa namna ile huona watu. Alimhurumia mama yake, akamnunulia redio. Mama hakuiwasha.

Kisha siku moja, wakila, mama akaanza kucheka peke yake.

"Yule mgeni ana visa. Leo amenisimulia wasichana waliokwenda kumpokea bwana harusi na taa zao. Nusu yao mafuta yakawaishia. Wakaenda kutafuta, kurudi, mlango umefungwa."

Kijiko kikabaki hewani. Kisa hicho mfasiri alikuwa amekimaliza juzi. Hakikuwa kimesomwa kwa mtu yeyote, kilikuwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake.

"Nani amekwambia hayo, mama?"

"Si nimesema mgeni? Nikamuuliza, sasa hao waliobaki nje walilia? Akasema walilia sana. Lakini aliyelia zaidi, alisema, ni aliyefunga mlango."

Hilo halimo. Mfasiri alilijua kila neno la sura ile, lile halikuwamo, wala hakuwahi kulisikia popote. Alitaka kuuliza zaidi akashindwa, akainuka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi yake alimweleza Mzee Saa. Alidhani atamwona mzee akipiga magoti. Mzee alipiga meza.

"Nani amemharibu?"

"Sijui, mkurugenzi. Fundi anasema hapandi mtu."

"Anapanda! Ni hawa wa madhehebu mengine, wanataka kutuwahi. Miaka yote hii, sikio moja limebaki, na mtu anakuja mchana kweupe kulichezea!" Alikwenda kwenye ramani akakiziba kile kidoa cheupe kwa kiganja, kama mtu anayeziba mtungi unaovuja. "Pengine amesikia kisa kimoja tu. Pengine bado anafaa. Mfungie."

"Nimfungie nani?"

"Mlango, binti yangu. Weka kufuli. Ni siku chache tu, mkaguzi yuko njiani."

Na mfasiri, badala ya kuuliza ni lini watu wa Mungu walianza kuomboleza mtu akisikia habari za Mungu, alishuka dukani chini akanunua kufuli. Hata yeye alikuwa na hasira, tukiongea ukweli. Alijisikia ameibiwa. Zawadi aliyojinyima kuitoa, mtu mwingine ameitoa mbele yake.

Alimwambia mama yake kwamba kuna vibaka mtaani.

"Vibaka wataiba nini hapa? Mimi?"

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Haya. Fanya kama ulivyotumwa."

Alifunga kwa nje akaenda kazini, na siku hiyo hakuandika chochote cha maana. Alirudi mapema, jua bado kali. Fundi alikuwa amesimamisha mashine, amekaa, mikono mapajani, anaangalia dari.

"Dada," alisema polepole, "shikamoo ya mgeni wako nimeisahau kumpa. Nimemsikia tu juu. Amepita saa ngapi?"

Mfasiri alimpita. Alipanda. Akiwa bado ngazini alisikia sauti ya mama yake, ile ya zamani, ya kabla ya ujane, ikiuliza swali. Na sauti nyingine, ya kiume, ya chini, ikimjibu. Maneno hayakusikika vizuri. Ila mwendo wa sauti aliutambua mara moja: ni wazee wa bondeni ndio walioongea hivyo, wakivuta mwisho wa sentensi, na wa mwisho wao alikufa yeye akiwa bado mtoto. Kufuli lilikuwa palepale mlangoni, limefungwa. Ufunguo ulimdondoka. Alipofungua, mama alikuwa peke yake kwenye kiti chake, macho yanang'aa.

"Umemkosa," mama alisema. "Alikuwa hapa sasa hivi."

"Amepita wapi?"

"Nimwulize mtu kama yule anapita wapi? Nitakuwa na adabu gani?"

Mfasiri alifungua madirisha, akachungulia uvunguni, akafungua hadi pipa la maji. Mtu mzima na elimu yake, anamtafuta mgeni kwenye pipa. Mwisho alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Kufuli lile hakuliweka tena. Aliliogopa.

Siku ya tatu baada ya hapo moyo wa mama ulianza kumkataa. Daktari alikuja, akapima, akamvuta mfasiri pembeni akamwambia hospitali haitamwongezea kitu, akae naye tu. Midomo ya mama ilikuwa imeingia ubluu na pumzi zake zilikuwa fupifupi. Mfasiri alimpigia simu Mzee Saa.

"Anakwenda, mkurugenzi. Niruhusu nimweleze."

Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru: "Mkaguzi anaingia kesho. Kesho tu, binti yangu. Fikiria ulimwengu mzima unaosubiri. Fikiria mke wangu aliye kaburini. Mwombee mama yako afike kesho."

Alikata simu akasimama katikati ya chumba. Aliyaona yote kwa mara ya kwanza: mama anakata roho, mtu wa mwisho ambaye hajaambiwa, na aliyemnyima ni binti yake wa kumzaa, anayejua kila neno kwa moyo. Basi ulimwengu usubiri, alisema. Akavuta kigoda hadi kitini kwa mama, akamshika mkono.

"Mama, kuna jambo nimekuficha. Nisamehe. Nitakwambia sasa, usikilize. Kulikuwa na mtoto, alizaliwa..."

Mama alimwekea vidole mdomoni.

"Zizini," akasema. "Mama yake alitandika nyasi. Ameniambia mwenyewe, tena huku anacheka, anasema ng'ombe walikuwa wema kuliko wenye nyumba. Wakaja kumuua, akaamka. Mikono amenionyesha." Alivuta pumzi. "Usihangaike, mwanangu. Nimeshashiba."

Mfasiri aliinamisha kichwa mapajani kwa mama akalia kwa sauti kama mtoto. Mzigo ulikuwa umemtoka. Lakini, jamani, moyo wa binadamu: machozi hayajakauka, wivu ukaingia. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekesha, yeye ndiye aliyeandika.

"Na mimi, mama? Aliniulizia?"

Mama aliutazama mlango kwanza.

"Nilikutaja mimi. Nikamwambia nina binti, huko kazini nadhani anaandika maneno yako kwa lugha yetu, ni mfasiri mkubwa. Akafikiri sana. Akasema, huyo simfahamu."

Simu ikaanza kulia mezani, ni Mzee Saa, ikalia hadi ikachoka.

"Muulize tena," mfasiri alinong'ona. "Akirudi, muulize vizuri."

"Arudi kutoka wapi? Hajaondoka. Yuko hapo nje tangu asubuhi. Anasema ulipoondoa kufuli umeacha komeo."

Chini, cherehani ilinyamaza. Mtaa nao ukanyamaza, kila kitu, pikipiki, watoto, wauzaji. Kisha, nyuma ya mlango, karibu kabisa na mbao, mtu akapiga hodi. Alipiga hodi kwa lugha ya bondeni, akiuvuta mwisho.

"Muitikie," mama alisema, macho ameyafumba. "Mimi nilishamuitikia. Hii ni yako."

Sasa mfikirie mwanamke huyu. Kila asubuhi ya maisha yake ya utu uzima alikuwa ameomba Bwana aje, aje upesi. Maneno ya ujio ule alikuwa ameyachagua moja moja, ameyapima, ameyabadilisha, ameyarudisha. Na hapo alipo alitaka kitu kimoja tu, aambiwe ni kesho. Alipofika mlangoni ni kwa kujivuta ukutani, na neno la kukaribisha mgeni lilikuwa limemtoka kichwani.

"Nani?" akauliza.

"Kwani wewe ni nani?" sauti ikamuuliza. Haikuwa na ukali. Ilikuwa ya mtu ambaye kweli hajui.

"Mimi ni mfasiri. Wa lugha ya bondeni."

Kimya.

"Ni mtumishi wako. Nimekutumikia tangu ujana wangu, nimekusubiri..."

Ubao wa sakafu upande wa pili ukalia kidogo, kama mtu anahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, anajiandaa kuondoka. Mfasiri aliugonga mlango kwa viganja vyote viwili, yeye aliye ndani akibisha.

"Usiende! Mimi ni mtoto wa huyu mama! Nilimwacha na kiu ndani ya nyumba yangu na maji ninayo. Ni mimi niliyekufungia!"

Alisikia pumzi ndefu upande ule, ya mtu aliyekaa ngazini siku nzima.

"Huyo," sauti ikasema, "ndiye niliyemfuata."

Mfasiri aligeuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa ametulia, kichwa kimelala kwenye mto wa kijani, na kutoka pale aliposimama hakuweza kujua kama anapumua. Simu ikaanza kulia tena. Aliweka mkono kwenye komeo. Chuma kilikuwa na joto, kama kilichoshikwa kwa muda mrefu na mkono mwingine. Akafungua.